Kopo la karanga

*Kikundi: Ukoo wa Babu, Mvumi*

Mama Neema: Mbukwenyi. Wifi, ukitoka kazini soma hii. Jana Dani alisikia simu yako akajifunika shuka, akamwambia bibi "mwambie nimelala." Si mara ya kwanza.

Yona: Dada, atazoea tu. Hata sisi baba tulimwona Krismasi kwa Krismasi.

Mama Neema: Yona, mtoto wa miaka tisa ameanza tena kukojoa kitandani. Ikifika saa ya shule tumbo linamuuma. Zahanati wamempima malaria, hana. Huko si kuzoea.

Mama Dani: Jamani 😭 Na hela ya sare nilituma

Mama Neema: Ilifika wifi, na debe la mahindi tumenunua. Hakosi ugali wala mlenda. Lakini tangu mavuno amekuwekea karanga kwenye kopo. Ulisema Sabasaba, akaenda kusubiri basi mpaka giza. Ukasema Nanenane, akaenda tena. Sasa zimeingia wadudu, na bibi akitaka kuzimwaga analia.

Mama Dani: Bosi alininyima ruhusa. Niliogopa kumwambia siji, ataumia

Mama Neema: Kusubiri ndiko kunakomuumiza. Mwambie "sijapata ruhusa, nimekukumbuka." Halafu piga Jumatano na Jumapili saa moja jioni, usiruke. Usianze na amekuwa wa ngapi darasani. Muulize mbuzi wake, amezaa mapacha.

Baba Dani (Geita): Nimesoma zote. Shimoni hakuna mtandao, ila Jumamosi nikitoka zamu nitampigia. Asante dada.

Neema: Babu anasema niandike: asiambiwe tena mwanaume halii. Yeye mwenyewe alilia machungani mama yake alipokwenda mbali.

Yona: Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Nisameheni. Jumamosi nitampitia twende shamba la zabibu.

Mama Neema: Kesho naongea na mwalimu wake. Akishauri tumwone afisa ustawi wa jamii, nitampeleka mwenyewe. Na wote mlioacha watoto nyumbani, shikeni 116, simu kwa mtoto. Ni bure, hata mtoto anaweza kupiga.

Mama Dani: Wifi, mwisho wa mwezi nina siku mbili. Treni ya SGR toka huku Dar mpaka Dodoma haimalizi hata masaa manne njiani. Nimwambie?

Mama Neema: Tiketi ikiwa mkononi. Kabla ya hapo usimwambie.

Mama Dani: Sawa. Na karanga zisimwagwe, nitakuja kuzichambua naye.