Dimbwi la msituni hukauka kila mwaka: nilichimbe liwe bwawa?

Mrithi_wa_Pori:
Wakuu, naomba ushauri. Nina kipande cha msitu wa asili nilichoachiwa na marehemu baba. Katikati kuna kibonde ambacho mvua zikishika hujaa maji, upana hatua ishirini hivi, kina hakinifiki magotini. Miezi mitatu minne baadaye unakuta tope lililopasuka na majani meusi, basi. Jirani ananishauri nilichimbe nifuge perege, au nilifukie kwa sababu ya mbu. Nilishaanza kukubali. Juzi nimeenda kulipima kwa kamba, nikakuta mapovu meupe kama ya sabuni yananing'inia kwenye tawi juu ya maji. Nikayagusa kwa kijiti: nje yameshika ganda, ndani mororo. Na majini kuna vidudu mfano wa uduvi vinaogelea chali. Ni vitu gani hivi? Na dimbwi la kukauka kauka lina faida gani?

tope_kavu:
Kijiti hicho kitupe! Hicho ni kiota cha chura wa mtini. Jike hutoa ute, huuchapa kwa miguu ya nyuma mpaka uumuke, mayai yakabaki ndani penye unyevu. Baada ya siku chache viluwiluwi hudondoka majini. Ukikata tawi lile, wataangukia pakavu.

Hao wa chali ni jamaa wa mbali wa uduvi. Mayai yao hukaa kwenye tope kavu hata miaka. Mvua ikija yanaanguliwa, wanakua mbio mbio, wanataga, wanakufa kabla maji hayajaisha. Sasa tia perege humo uone. Samaki atafagia mayai na viluwiluwi vyote. Hao viumbe wako hapo kwa sababu dimbwi hukauka na samaki hawezi kuishi. Ukilichimba lishike maji mwaka mzima, umewaua.

Babu Kereng'ende:
Kwa mbu, jirani hajakosea sana. Mvua za mwanzo utawaona, kwa kuwa wanaowala hawajafika. Baadaye watoto wa kereng'ende huwashughulikia. Ila jua hili: Anopheles gambiae, yule wa malaria, hupenda vidimbwi vidogo vilivyo wazi juani, kama nyayo za ng'ombe na njia za magurudumu. Fyeka miti ya kivuli, pitisha trekta, utakuwa umemjengea nyumba.

Majani yaliyooza pia usiyazoe. Mimi niliwahi kuyazoa nikijiona msafi, kumbe ndiyo chakula cha wadudu wote wa chini. Na msitu wa pembeni uache, maana vyura wakubwa huishi humo karibu mwaka mzima, majini huja kuzaa tu.

Piga vigingi sasa, maji yakiwa yamejaa. Kiangazi mpasua mbao hajui kama pale ni dimbwi. Hata wenye Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, ilibidi mwaka 2002 watoe mwongozo maalumu wa madimbwi ya msimu, maana ni rahisi kuyasahau.

Mrithi_wa_Pori:
Asanteni. Nimerudi jana usiku na tochi: mapovu sita, na moja linadondosha. Vinaanguka kimoja kimoja, tip, tip. Nimepiga vigingi 14, kimoja kimeshang'olewa na mtu wa kuni. Jirani nimemwambia perege achimbie kwake. Ila povu moja limepasuliwa na tawi kavu lililoanguka, nilifunge na jani?

tope_kavu:
Acha hivyo hivyo. Na kijiti ulikitupa?