Eti minki ni NGUCHIRO! Yule mtaalamu wetu leo kazidi

Wakuu, mods naomba huu uzi msiuunganishe na mwingine.

Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kawekewa jina sahihi la minki (yule mnyama mdogo wa manyoya anayeishi kando ya maji), kajibu: "Kijana, acha kukariri, huyo ni nguchiro wa majini." Nguchiro! Walikutana harusini? Nguchiro yuko upande wa paka na fisi. Minki ni ukoo mmoja na nyegere, kicheche na fisimaji.

Halafu jina la kisayansi la minki wa Marekani kaandika "Neovison Vison". Jina la pili halianzi na herufi kubwa hata mnyama akiwa wa mfalme! Na hiyo Neovison ilishapigwa chini 2021, sasa ni Neogale vison (Schreber, 1777). Mabano si urembo: yanasema Schreber, aliyempa jina mwaka huo, alimweka jenasi (kundi la spishi za karibu) nyingine, Mustela. Minki aliyebaki Mustela ni wa Ulaya, Mustela lutreola, kromosomu 38. Wa Marekani 30. Picha aliyobandika eti "wa Ulaya", mdomo wa juu mweusi tii! Wa Ulaya ana weupe midomo yote miwili. Mwenzake wa Marekani kwa kawaida ni kidevuni tu.

Acha kukariri. Mimi!

Babu_Kijiwe: Kilichokuuma ni "kijana", nguchiro umemsingizia 😂

Mwana_Ziwa: Majina ya kisayansi yanalazwa kwa italiki. Yako yote yamesimama wima kama askari wa gwaride.

Mleta uzi: Natumia simu!

KobeMwendoPole: Minki ana nafuu. Ndugu yake, Neogale africana, anaishi Amazon, Afrika hajawahi kukanyaga. Desmarest alimpa jina hilo 1818, na kanuni za majina ya wanyama haziruhusu kulifuta kwa kuwa tu linadanganya. Hapo ndipo pa kulia.

Sista_P: Na fisimaji je? Fisi yuko wapi pale?

Mfugaji255: Mmetaja nyegere. Anachimba chini ya banda la kuku, mnamzuiaje?

KobeMwendoPole: Wavu mwepesi wa kuku anauchana. Tumia ule mzito wa kuchomelea, ufukie kama sentimita 50, na ncha ya chini uikunje kuelekea nje. Ukiikunja ndani, anachimba kando na kupita chini yake.

Mfugaji255: Na mlango?

KobeMwendoPole: Kizingiti cha zege, komeo la chuma. Kamba anatafuna.

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa kwenye minki...

Mfugaji255: Mkuu, fungua uzi wako.