Mafundi wa mashine za darizi mnatufilisi: kila shida "tensheni", sindano hamuitazami

Wakuu, salaam. Huu uzi naufungua nikiwa na hasira, kwa hiyo kama wewe ni fundi wa mashine za kudarizi na una moyo mwepesi, pita tu. Wenzangu wenye mashine za kichwa kimoja zenye sindano kumi na mbili au kumi na tano, mnaodarizi nembo za shule na majina ya fulana huku mitaani, sogeeni, maana najua yaliyonikuta na ninyi yamewakuta, mkalipa, mkanyamaza.

Januari, shule zinafunguliwa, nina oda ya sweta za shule ya msingi. Nembo ya kifuani ya kawaida tu: mwenge, kitabu, jina la shule limezunguka. Mashine ikaanza kukata uzi wa njano. Naunganisha, inatembea kidogo, inakata tena. Ukigeuza fremu unakuta chini kuna fundo la nyuzi limejisokota kama kiota cha ndege. Rangi nyingine zote safi. Naomba mkumbuke hilo, rangi nyingine zote zilikuwa safi, kwa sababu ndipo ulipo ugomvi wangu.

Nikampigia fundi, yule yule niliyepewa na walioniuzia mashine. Amefika, hata begi hajalitua, mkono tayari uko kwenye nati za tensheni, yaani za kukaza na kulegeza uzi. Hakuuliza natumia uzi gani. Hakugeuza sweta atazame mgongo wa mshono. Akazungusha nati ya njano, akajaribisha, ukakatika. Akazungusha ya nyekundu, ambayo haikuwa na kosa lolote duniani. Akachomoa kasha la bobini, lile la uzi wa chini, akaikaza ile skrubu ndogo ya pembeni. Kujaribisha tena, sindano ya njano ikavunjika. Akachomeka nyingine, mashine ikaanza kuruka mishono. Akanitazama kwa huruma kabisa: "Dada, hapa taimingi imepotea. Ni kufungua huki." Huki ni kile kindoano kinachozunguka chini kunasa uzi wa sindano, na taimingi ni kukutana kwake na sindano kwa wakati. Laki na nusu, nauli yake pembeni. Mwenye oda ananipigia simu tangu alfajiri, nitafanyaje? Nikalipa.

Kafungua, kafunga, kaniachia njano inayoshona kwa kusuasua, kaondoka. Nikawasha kumalizia nembo: njano inajikongoja, lakini sasa nyekundu inaruka, bluu inaruka, nyeupe inaruka. Mashine imeingia na ugonjwa mmoja, imetoka na kumi na moja!

Aliyeniokoa ni mama mmoja jirani, anadarizi makanzu, alikuja kuazima mkasi. Kasimama kidogo akasikiliza mlio, akasema, "Mwanangu, zima kwanza hiyo." Akalegeza skrubu ya sindano ya njano, akaichomoa, akaipitisha ncha kwenye ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukabaki na mchoro. Ncha imeshajikunja, na sindano yenyewe ndiyo kwanza imewekwa na fundi. Kisha akanionyesha kitu kilichonipandisha presha: mguu wa sindano, ile sehemu nene ya juu, haukuwa umefika juu. Kwenye ule mhimili wa sindano kuna kitundu cha kuchungulia, unatakiwa uone kichwa cha sindano kimegota. Pale palikuwa peupe. Fundi aliifunga imening'inia, mashine ikaruka mishono, akatangaza taimingi imepotea, akaisogeza huki ili ifuate sindano iliyofungwa vibaya. Taimingi ambayo haikuwa mbovu ikawa mbovu kweli, na nikailipia.

Sasa mafundi, nielezeni kama mtoto mdogo. Mashine ya kichwa kimoja ina huki moja tu. Sindano zote zinashuka kwa zamu kwenye huki hiyo hiyo. Ncha ya huki inatakiwa ifike nyuma ya sindano, juu kidogo ya jicho, wakati sindano imeanza kupanda na uzi umejivimbisha kakitanzi. Nafasi kati yao ni nyembamba sana, sehemu ya kumi ya milimita au zaidi kidogo. Kama taimingi imepotea, itapotea kwa rangi zote. Itakuwaje njano peke yake ndiyo isumbue? Bobini nayo ni moja. Kama tatizo ni skrubu ya kasha la bobini, uzi wake mweupe utachungulia juu kwenye kila rangi. Rangi moja ikisumbua, shida iko kwenye njia ya rangi hiyo: koni yake, visahani vyake vya kubana uzi, springi yake, sindano yake. Hii haihitaji cheti. Inahitaji mtu atue begi na kuuliza, "Ni rangi gani inasumbua?"

Na hili la kiota chini ya kitambaa ndilo linalowatajirisha. Mteja akiona nyuzi zimejaa chini anadhani bobini imeharibika, fundi naye anamwitikia, wanaanza kukaza skrubu ya chini. Nyuzi zikijaa chini, mara nyingi ni uzi wa juu ndio uko huru: haujaingia katikati ya visahani, umetoka kwenye springi, au umeruka kitundu kimoja njiani. Huki inauvuta uzi wa juu bila kipingamizi na unajirundika chini. Cherehani za nyumbani zenye kipande cha kudarizi ni hivyo hivyo: ukitunga uzi huku mguu wa kukandamiza kitambaa umeshushwa, visahani vimeshajifunga, uzi unapita juu juu. Unapandisha mguu, unatunga upya. Bure. Hakuna laki na nusu hapo.

Ukitaka kujua tensheni ikoje kabla ya kugusa nati yoyote, dariza herufi I nene kwa kila sindano, halafu geuza. Mgongoni uone uzi mweupe wa bobini umekaa katikati, kama theluthi moja ya upana, na rangi ya juu imeshika pande mbili. Ukiona mweupe umejaa karibu upana wote, juu kumekazwa mno. Usipouona kabisa, juu kumelegea au bobini imekazwa sana. Lakini hata hapo, yule mama alinipa utaratibu wake na mimi sasa ndio sheria ya duka langu: sindano mpya kwanza, imegota juu, mfereji wake mrefu unatazama mbele na kile kibonde chake juu ya jicho kinatazama huki nyuma, pili utunge uzi upya kuanzia kwenye koni, tatu chomoa kasha la bobini, pitisha kona ya kadi ngumu chini ya ile springi bapa utoe vumbi. Msicheke. Pamba kidogo ikijibana pale chini, springi inanyanyuka, uzi unalegea, unahangaika na skrubu wakati unatakiwa kufuta uchafu. Skrubu ni ya mwisho kabisa, na ikizungushwa ni robo ya mzunguko au chini ya hapo. Fundi wangu aliizungusha kama anafungua chupa ya soda. Mwenye kipimo cha tensheni ya bobini, wengi wanaweka gramu 20 hadi 25 wanatulia.

Haya, wauzaji. Msidhani nimewasahau.

Ukienda dukani ukasema "naomba sindano za mashine ya kudarizi" unapewa kipakiti cha nailoni, sindano kumi, hakina maandishi. Ukiuliza aina unaambiwa "hizi ndizo wanachukua wote". Mashine zetu nyingi zinatumia DBxK5. Kuna DBx1, ya cherehani za kiwandani za kushona kawaida. Zote zina mguu wa mviringo, DBx1 inaingia vizuri tu na inashona. Tofauti iko kwenye jicho: DBxK5 jicho lake ni kubwa zaidi kwa namba ile ile ya unene, kwa sababu uzi wa darizi unapita hapo mara nyingi na kwa kasi, mishono mia saba au mia nane kwa dakika. Ukiweka jicho dogo uzi unasuguliwa, unachanika nyuzinyuzi, unakatika. Utaita fundi. Atakaza tensheni. Utakatika zaidi. Muuzaji kala, fundi kala, wewe unalala na sweta za watu.

Na ncha je? Kwa sweta na fulana za polo unahitaji ncha butu kidogo, inayopita katikati ya nyuzi za kitambaa. Kwenye pakiti zilizoandikwa inawekwa FFG au SES. Ukitumia ncha kali kwenye kitambaa cha kufuma, inakata uzi wa sweta yenyewe. Siku unayokabidhi nembo inapendeza, ikifuliwa mara ya kwanza matundu yanajitokeza kuzunguka nembo na mzazi anarudi na sweta mkononi. Hiyo fedheha ni yangu, muuzaji wa vipakiti visivyo na jina hayupo. Namba ya unene nayo: uzi wa kawaida wa namba 40 unataka sindano 75/11. Herufi ndogo chini ya milimita tano, uzi mwembamba wa namba 60 na sindano 65/9. Uzi wa dhahabu wa makanzu unataka jicho kubwa, 80/12 au hata 90/14, na upunguze mwendo. Niambieni, nani aliwahi kuambiwa haya siku ananunua mashine? Mafunzo yangu yalikuwa nusu siku: namna ya kuwasha, namna ya kuingiza flashi, na picha ya pamoja ya kuweka kwenye status yao. Kitabu cha maelekezo Kichina mwanzo mwisho.

Najua watakuja wa kusema "tatizo ni uzi wako wa bei rahisi". Wakati mwingine ndiyo, sikatai. Koni iliyokaa dirishani inapigwa jua mwaka mzima inakuwa dhaifu. Shika kipande vuta kwa mikono miwili, kikikatika bila kujitetea weka pembeni. Na mashati meupe ya shule msidarizie uzi wa rayoni, yanafuliwa kwa jiki, nembo inapauka, weka wa poliesta. Lakini uzi mbovu haumpi fundi ruhusa ya kufungua huki.

Na wa "tatizo ni dizaini" nao nawajua. Kweli, mtu anashusha nembo ya bure mtandaoni, anaifinyanga kutoka sentimita kumi hadi sita bila programu kupunguza mishono, mishono inabanana, nafasi kati yake inakuwa chini ya milimita 0.4 iliyozoeleka kwa uzi wa 40, sindano inagonga uzi juu ya uzi hadi inavunjika. Sawa. Sasa kwa nini fundi hakuliuliza hilo? Yeye ndiye anayejiita fundi. Mimi nikija kwako unipime homa huanzi kwa kunipasua tumbo.

Kilichotokea mwisho: ilibidi nitafute fundi mwingine kurudisha huki mahali pake. Huyu angalau alitoa sindano zote, akaziweka mpya, akaangalia zote zimegota, akatumia tochi na kioo kidogo kuangalia ncha ya huki inapita wapi, akatia tone moja la mafuta kwenye njia ya huki (ambayo yule wa kwanza hakuigusa, kavu kabisa). Nikalipa mara ya pili kwa tatizo ambalo la kwanza lilikuwa sindano ya bei ya maandazi. Yule wa laki na nusu nikimpigia anasema "dada mashine yako imechoka, fikiria kubadilisha". Imechoka! Na anajua duka la kunipeleka.

Sitaji jina la duka wala la mtu hapa, msinifuate inboksi. Ninachotaka ni viwili. Kwanza, kama kuna aliyewahi kudai hela yake kwa fundi wa namna hii akafanikiwa, aeleze alianzia wapi, maana risiti aliyoniandikia imesema tu "matengenezo". Pili, nani anajua mahali Dar wanapouza DBxK5 75/11 zenye ncha butu, pakiti zilizoandikwa, kwa rejareja? Kila ninapouliza naambiwa nichukue boksi zima, na bado nina sweta za darasa la nne hazijaguswa.