Mafundi rangi wa Mwanza, kutu inakwanguliwa kwanza ndo inapakwa!

Wakuu habari za jioni, leo acha niseme maana nimevumilia vya kutosha. Hivi hawa mafundi rangi wa hapa Mwanza nani aliwaambia kazi yao ni kuficha kutu? Na sio mmoja, wewe pita Nyasaka, Buswelu, nenda mpaka Buhongwa huko, angalia fensi za vyuma na mageti yaliyopakwa juzi juzi tu, pale chini karibu na udongo ushaona michirizi ya kahawia inashuka.

Yangu ni fensi ya uani, skwea paipu na nondo, imara kabisa, ilikuwa imepauka tu na kutu kidogo kwenye viungio alipochomelea fundi na pale chini inapoingia kwenye zege. Nikaletewa jamaa na jirani, anajisifia kapaka mageti ya mabosi Isamilo na Capri Point, haya sawa. Kaniandikia vifaa msasa, brashi ya waya, redoksaidi (ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), rangi ya mafuta na tina ya kuilainishia, nikanunua vyote bila kubisha. Naenda kazini, narudi giza limeshaingia, fensi nyeusi tii inang'aa, jamaa kakaa kwenye ndoo anasubiri hela yake. Nikamlipa yote aliyotaka, sikupunguza hata mia. Kesho yake natafuta fagio stoo nakuta brashi ya waya iko kwenye nailoni yake haijaguswa, msasa haujakunjuliwa, na kopo la redoksaidi sijaliona mpaka leo, bila shaka limeenda kupaka geti la mtu mwingine.

Mvua zilivyoanza tu, malengelenge. Ukibonyeza na kidole maji yanatoka, ukivuta rangi inabanduka kama ganda la kitunguu na chini yake kutu ile ile ya zamani iko imekaa zake. Nampigia simu ananiambia eti "bosi hapo sio mimi, hiyo ni chumvi ya ziwa".

CHUMVI YA ZIWA jamani!! Ziwa Victoria hili hili ambalo maji yake yanavutwa hapo Capri Point tunayanywa majumbani? Hiyo stori kawaambie watu wa Tanga na Dar huko walikopakana na bahari, huku ni maji baridi. Chuma kushika kutu hakihitaji chumvi, maji na hewa vinatosha, na unyevu huku tunao wa kumwaga. Asubuhi chuma kinaamka na umande, sasa wewe unakuja saa moja unapaka juu ya umande, si umeyafungia maji humo humo ndani? Subiri jua likaushe, hata uanze saa nne nani anakukimbiza.

Na hii ya kupaka juu ya kutu mimi naona ni wizi tu. Kutu inayobanduka ni unga, haijashika kwenye chuma, sasa rangi yako ikishika unga imeshika nini? Kwangua mpaka uone chuma, gonga yale maganda yaliyoachwa na weldi kwenye viungio maana hapo ndo kutu inaanzia, futa vumbi na mafuta, piga redoksaidi siku hiyo hiyo kabla kutu haijarudi, ikikauka ndo uje na rangi. Yeye koti zote mbili kapiga siku moja, rangi ya mafuta hiyo, inatakiwa ilale usiku! Juu ikawa ngumu chini bado laini. Halafu kaichanganya na petroli, nilisikia harufu kabisa, tina yangu sijui nayo ilienda wapi.

Kuna kipande karibu na tenki ni mabomba yenye zinki ya kiwandani, hapo ndo imebanduka mapande mapande. Zinki ina praima yake maalum, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, ukiipiga rangi ya mafuta moja kwa moja, unyevu ukiingia vinafanya kitu kama sabuni hapo katikati na rangi inaachia. Fundi wa "mabosi wa Capri Point" hajui hilo?

Sijasema kuhusu wale wadudu wa ziwani. Kapaka mpaka giza, taa ya uani ikawashwa, asubuhi wamenasa kwenye rangi mbichi, fensi ina manyoya. Mtu umezaliwa Mwanza hujui wale wanafuata taa?

Najua watakuja wa kusema "bosi hela yenyewe ndogo". Bei kaitaja yeye. Kama kukwangua kunakula siku nzima sema, tuandike hela ya kukwangua peke yake nitalipa, shida yenu mnataja bei ya rahisi mpate kazi halafu mnakuja kuifidia kwenye chuma cha mtu.

Sasa inabidi rangi yote ing'olewe nianze upya, kwa hiyo natafuta fundi mwingine. Masharti ni haya, hela ya kukwangua nalipa nikishakagua chuma kwa macho yangu, ya redoksaidi nikiiona imekauka, iliyobaki baada ya koti ya mwisho, na vifaa vinalala ndani kwangu. Anayeona namsumbua asije. Mwenye namba ya fundi anayekubali hivyo aje inboksi, niko Buswelu.