MREJESHO: Draiva iliyokuwa inaangusha keneli kwenye request_irq

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu draiva ya kadi ya PCI ambayo ukiipakia tu keneli (kiini cha Linux) inaanguka kabla probe (fanksheni ya kuiandaa kadi) haijaisha. Aliyesema nikague mpangilio wa mistari alipatia kabisa: nilikuwa naita request_irq (inayosajili hendla, yaani fanksheni ya kupokea interapti, ishara za kadi kwa CPU) juu, halafu ndo naandaa bafa na spinlock (kufuli la kulinda data) chini, sasa laini yenyewe ya interapti inashea na kifaa kingine, interapti inaingia muda wowote, hendla inashika pointa tupu (bafa bado haipo), keneli chali. Nimezima kwanza interapti kwenye rejista ya kadi, nikaandaa kila kitu, request_irq ikaja baadaye, mwisho kabisa ndo nikaziwasha. Nimeipakia na kuitoa mara 200, haijaanguka tena.

Hendla nayo sasa inasoma rejista ya hali, kama interapti si yetu inarudisha IRQ_NONE, mwanzo ilikuwa inadai zote ni zake.

Kuhamia MSI (interapti zinazotumwa kama ujumbe badala ya laini) ndo bado. pci_alloc_irq_vectors (ya kuomba MSI) inakubali, pci_set_master (ya kuruhusu kadi itume yenyewe) nimeongeza, ila kwenye /proc/interrupts (hesabu ya interapti zilizoingia) namba imeganda 0. Kwa sasa nimebaki na laini ya kawaida.

Asanteni sana, mmenitoa mbali.