Sarafu za dhahabu za Marekani: tumuuzie mnunuzi wa dhahabu, duka la sarafu, au mnadani?

Mkazi_Dallas: Wakuu, heshima kwenu. Babu wa mke wangu amefariki, kamwachia sarafu nne za zamani za dhahabu, mbili kubwa na mbili ndogo sana. Jumamosi tulizipeleka kwa mnunuzi wa dhahabu. Alizirundika zote kwenye mizani, akataja bei bila hata kuzigeuza. Anataka jibu Ijumaa. Tumkubalie?

Sonara_Tanga: Mleta mada, miaka gani? Zina herufi gani ya kiwanda kilichozitengeneza? Picha? Bila hayo tutabahatisha tu. Anza na dhahabu yenyewe: kubwa ikiwa ni ya dola 20 ina uzito wa gramu 33.4, asilimia 90 ni dhahabu, yaani wakia 0.9675 (wakia ya dhahabu ni gramu 31.1). Tuseme wakia ni dola 3,000, dhahabu tupu ni dola 2,902. Ndogo ikiwa ni ya dola 2.50 ina wakia 0.1209. Zidisha kwa bei ya siku hiyo, ulinganishe na alichotaja.

BintiMuscat: Kaka, mimi dhahabu yangu naiamini Deira, Dubai. Wanapima mbele yako, hela mkononi.

Sonara_Tanga: Dada, Deira watamlipa uzito tu. Hizi ni karati 21.6, na muuzaji wa vito atazihesabu 21. Mwaka wa sarafu haumhusu.

BintiMuscat: Pauni za Kiingereza ni 22, hizo nazijua tangu utoto. Bibi yangu Unguja alikuwa nazo kwenye mkufu, na hakuna sonara aliyembishia.

Ohio_Mzee: Mleta mada, nakuomba kitu kimoja: USIZISAFISHE. Mwaka 2016 nilinunua ya dola 10, ya 1901 yenye herufi S. Ilikuwa na weusi kidogo shavuni pa mwanamke aliyechorwa kwenye sarafu. Nikachukua mswaki na dawa ya meno, nikasugua taratibu, ikang'aa kama pete ya harusi. Nikaituma PCGS, kampuni inayokagua sarafu na kuzipa namba ya daraja la ubora. Ikarudi imeandikwa kwamba imesafishwa, haina namba ya daraja. Ukiiinamisha kwenye taa unaona mikwaruzo imezunguka kama nywele. Nikazunguka nayo maduka matatu, yote yakanipa bei ya dhahabu tupu. Niliumia sana, maana ilikuwa nzuri na niliiharibu mwenyewe.

Mkazi_Dallas: Asanteni. Kubwa moja ni ya 1904, haina herufi. Nyingine 1884, chini ya mkia wa tai kuna CC. Ndogo zote zina Mhindi Mwekundu mwenye manyoya kichwani, 1911 na 1925. Nilisahau kusema, hela ni ya ada ya chuo ya mtoto.

Sonara_Tanga: Ungesema mapema! Ya 1904 ni ya kawaida sana, haipandi mbali na dhahabu yake isipokuwa ikiwa haijachakaa wala kukwaruzika kabisa. CC ni kiwanda cha sarafu cha Carson City, Nevada, ni adimu, hiyo usimpe mtu wa mizani hata kidogo. Sasa chukua lenzi uangalie ya 1911, upande wa tai, chini kushoto penye ncha za mishale. Kuna D, ya kiwanda cha Denver? Zilitengenezwa 55,680 tu.

Mwenge_DSM: Uza zote ununue kiwanja Kigamboni. Dhahabu haizai.

Ohio_Mzee: Ada ya mtoto unaipeleka Kigamboni? Na kiwanja nacho kina watu wawili wenye hati moja.

Mwenge_DSM: Hati ukiikagua ofisi ya ardhi huibiwi. Nimefanya hivyo mara mbili.

Mkazi_Dallas: Nimeangalia na lenzi ya mke wangu ya kushonea. Pana kitu kama D lakini kimefifia, nikigeuza taa kinapotea.

Sonara_Tanga: D ya mwaka ule mara nyingi hutoka hafifu. Tena kuna watu wamebandika D ya uongo. Hiyo itume ipimwe peke yake, hizo nyingine zisikuchanganye.

Mkazi_Dallas: Majibu yatarudi kabla ya Ijumaa?

Ohio_Mzee: Hapana. Ni wiki kadhaa. Ada inatakiwa lini hasa?