Mirija ya chuma cha pua kwenye boila ya injini ndogo ya mvuke: inafaa?

Mvuke_Mpya: Wakuu, boila yangu ni ya presha ya baa 4, ganda la shaba nyekundu. Mirija ya moto nataka niweke chuma cha pua 316, ukuta wa milimita 1, ninayo tayari. Kuna ubaya?

Shaba_Tupu: Upo. Shaba inapitisha joto mara 25 kuliko hicho chuma. Utachoma gesi bure. Vijana mnaogopa kazi, mnachomeka chochote mlichokikuta kabatini.

Kijiti: Mzee wangu, mimi ni kijana na nalehemu kwa madini ya fedha tangu zamani. Hilo neno lifute.

Shaba_Tupu: Silifuti. Kila wiki nasoma mtu kaweka bomba la jikoni kwenye boila.

Kijiti: Hata hesabu yako haisimami. Ukuta mwembamba hivyo hauzuii kitu. Joto linakwama kwenye gesi inayopita ndani ya mrija, uwe wa shaba au wa chuma.

Mama_Tezo: Hapo Kijiti yuko sahihi, ila mnagombea umri wakati mwenzetu anasubiri jibu. Joto si tatizo, tatizo ni kloraidi, ile chumvi iliyo kwenye maji. Maji yanageuka mvuke, chumvi inabaki na kuzidi kukolea. Chuma cha pua aina ya 304 na hata 316, ikipata moto wa nyuzi 60 kwenda juu huku imekazwa, hupasuka. Mrija wangu wa chuma hicho ulikuwa unang'aa kama kijiko kipya. Nilipoupaka rangi ya kupenya, ufa ukajitokeza, umetawanyika kama mizizi. Shaba kwa kawaida huvimba kwanza, ukaona. Huu haukunipa dalili yoyote.

Kijiti: Pole dada. Wangu una miaka 3, maji yaliyokenekwa tu, na kila mwaka naujaza maji baridi naupima kwa mara mbili ya presha ya kazi. Hata tone.

Shaba_Tupu: Kipimo kinakwambia habari ya siku ile. Ufa hausubiri mwaka uishe.

Kijiti: Na wa shaba je, wewe unapima lini? Hujawahi kusema.

Shaba_Tupu: Mimi siulizwi hapa.

Bomba_Moja: Mbona boila za mrija mmoja uliozungushwa tunatumia chuma cha pua miaka yote?

Mama_Tezo: Ile ndani ina maji kidogo mno. Ikipasuka inapiga mluzi inaisha. Yake ina ganda zima la maji ya moto. Halafu lehemu ya fedha kwenye chuma cha pua, nyingine maji hupenya kwenye kiungo taratibu mpaka inabanduka.

Mvuke_Mpya: Basi mirija ya moto itakuwa shaba. Hii niliyonayo naweza kukaushia mvuke, pale juu ya moto?

Shaba_Tupu: Hapo weka. Hata mimi ninayo. Shaba pale hulainika.

Mama_Tezo: Weka, lakini usijaze boila kupita kiasi. Maji yakirushwa humo yanakaukia ndani, na chumvi ni ile ile.

Kijiti: Kumbe unayo!